Majivu Juu ya Koili

Oveni yangu ya mikate ina koili nne, mbili juu na mbili chini, na kila asubuhi nikiiwasha hutoa harufu kabla haijatoa joto. Ni harufu ya vumbi linaloungua. Mtu asiyeijua atasema nywele zimeguswa na mshumaa; mwingine atasema kuna pasi imesahauliwa juu ya shati. Haikai sana. Lakini kwa muda ule inapotoka, wasichana wawili ninaofanya nao kazi hapa Mugumu wanajua kwamba hakuna kunisemesha. Nasimama mbele ya kioo cha oveni, mikono nyuma, nanusa. Siku moja nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mwache kwanza, anasalimiana na jini lake."

Sisalimiani na jini. Nachunguza. Vumbi lina harufu yake, mafuta yaliyomwagika jana yana harufu yake, na waya unaoanza kuyeyuka una harufu yake, chungu, ambayo ukiivuta mara moja hutaisahau. Nilijifunza kuzitenganisha nikiwa na miaka kumi na mitatu, Nkende, kule Tarime, katika nyumba ambayo sikumwamini mtu yeyote aliyeingia mlangoni.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Walituachia nyumba ya bati yenye sebule na vyumba viwili, na nje kibanda cha jikoni chenye mafiga matatu. Baba alikuwa ameingiza umeme muda mfupi kabla ya kuugua: taa mbili, na soketi moja tu, pale sebuleni. Aliipenda soketi ile mpaka akatukataza kuchomeka kitu. Kwa hiyo ilikaa ukutani kama pua, haina kazi ila kukamilisha sura.

Mimi Bhoke nilikuwa mkubwa, darasa la sita. Mdogo wangu Mwita alikuwa na miaka tisa, na kitindamimba wetu, Robhi, alikuwa na mitatu mama alipofariki. Niliacha shule bila kumuaga mtu. Jumatatu moja nilifua sare ya Mwita nikaiacha yangu, basi, ikawa ndiyo siku yenyewe.

Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walikaa kikao, nami nikawa nawanawisha mikono, kwa hiyo niliyasikia yote. Mwita angekwenda kuchunga ng'ombe wa baba mdogo. Robhi angepelekwa kwa shangazi yetu, huku upande wa Manchira. Walipofika kwangu, mmoja wao alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu tayari ni mkubwa." Kwetu, neno hilo likisemwa juu ya msichana, lina ng'ombe wa mahari nyuma yake. Niliendelea kumimina maji hata baada ya mikono yake kutakata.

Jioni yake nilimfuata baba mdogo Marwa, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sema."

"Naomba mtuache pamoja. Nitaweza."

Alichora chini kwa fimbo yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja, aliyoivua kanisani na msibani tu. "Nitawaangalia," alisema mwishowe. "Lakini nikisikia jambo moja, Bhoke, moja tu, mtoto kaungua au nyumba imeshika moto, nawachukua jioni hiyo hiyo. Moto haujui yatima."

Tangu siku hiyo nililinda moto kuliko nilivyolinda unga. Mama alikuwa na msemo wake, "Moto haulali uchi." Kila jioni, baada ya chakula, aliyakusanya makaa katikati ya mafiga, akayafunika kwa majivu, na asubuhi akayafukua yakiwa mekundu, bila kuhitaji kiberiti. Nami nikawa nafanya hivyo. Nilimwaga majivu kwa kopo la bati, nikayashindilia kwa kitako cha kopo lile lile nisije nikaungua, nikasema kwa sauti, "Moto haulali uchi." Robhi alisimama mlangoni akaitikia, "Haulali." Ilikuwa kama sala yetu.

Yapata miezi miwili baadaye baba mdogo alituletea mpangaji. Nesi, jina lake Anjela, mtu wa Njombe, amepangiwa kazi kituo cha afya na hamjui mtu Tarime nzima. Hivyo ndivyo baba mdogo alivyoeleza. Mimi nikajiuliza. Manesi wenzake walipanga Bomani, karibu na maduka na ofisi. Huyu ana nini mpaka aje kubanana na yatima Nkende? Na kama hamjui mtu, baba mdogo, ambaye hakanyagi mjini ila siku ya Jumamosi, amemjulia wapi? Nilimbebea begi huku nimeshamhukumu.

Katoni yake ya mwisho ilikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Alikifungua sebuleni, maana soketi ilikuwa huko tu. Kilikuwa kigae cha duara cha udongo uliochomwa, kimechongwa mfereji unaozunguka kama gamba la konokono, na ndani ya mfereji ulilala waya uliojisokota. Chini kilikuwa na miguu mitatu ya chuma. Alikiweka juu ya tofali mbili, akachomeka, akabonyeza swichi. Tukasikia mlio mdogo, halafu ikaja harufu ile, halafu wekundu ukaanza kutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, polepole, kama mtu anayeona haya.

"Mama yangu!" Mwita akasema. Robhi akapiga makofi.

Mimi nilitafuta moshi. Haukuwepo.

Baba mdogo naye aliutafuta, akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. "Moto usio na moshi hauna adabu," alisema. "Unaingia bila hodi."

"Una adabu, mzee, ukiuheshimu," nesi akajibu. Akatuita sisi watoto, akachuchumaa, akanyoosha kidole lakini mbali. Waya huu hauna nguo, alisema, umeme unapita ndani yake wazi. Kwa hiyo ukitaka kugusa sufuria, kukoroga, kupangusa, kwanza zima swichi ukutani. Mikono iwe mikavu na miguuni kuna ndala. Mwiko wa mti, siyo kijiko cha chuma. Kitu chochote kinachoweza kuungua kikae mbali, hatua mbili. Maziwa yakifurika usimwagie maji. Zima, subiri, sugua kwa brashi kavu. Umeme ukikatika, zima swichi papo hapo, maana utarudi bila kukuambia. Na halafu akasema lile ambalo nimeliandika kwa chaki juu ya oveni yangu: "Wekundu ukiondoka, moto haujaondoka."

Aliposema hivyo niliona kiganja chake. Kilikuwa na kovu la mistari miwili iliyopinda, mmoja ndani ya mwingine, laini, kama chapa ya ng'ombe. Mtu mwenye chapa mkononi! Usiku ule nilimlaza Robhi upande wa ukutani, mimi nikalala upande wa mlango.

Mambo mengine yakaongezeka. Alikuwa na kijitabu cha buluu. Akitoka zamu alikaa mezani, akamtazama Robhi, akauliza, "Leo amekula nini huyu?" nikamjibu, akaandika. "Mwita amekohoa tena?" akaandika. Saa ngapi tunalala, maji tunachota wapi, akaandika. Na kila Jumamosi baba mdogo alipopita kutoka mnadani, wawili hao walisimama kwenye ua, wakazungumza kwa sauti ndogo, na mazungumzo yakakatika nilipokaribia na kigoda. Sikuhitaji kusoma mpaka chuo kikuu. Nilijua tumeletewa jasusi, na kwamba siku jasusi akipata la kuandika, Mwita atakwenda kwa ng'ombe, Robhi atakwenda Manchira, na mimi nitakwenda kule ambako sikukutaja.

Kwa hiyo niliamua asipate la kuandika. Nilifagia mara mbili. Nilimkanya Mwita asipigane njiani. Na lile jiko lake niliwakataza wadogo zangu kulisogelea. "Si chetu," niliwaambia. "Likiharibika tutasingiziwa sisi."

Halafu yakaanza majivu.

Mara ya kwanza alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akawasha apike chai, na badala ya harufu ya vumbi pakatoka harufu nzito, na moshi wa kijivu. Alizima haraka, akachomoa plagi. Katikati ya kigae, juu ya koili, palikuwa na kilima cha majivu, kimeshindiliwa vizuri, na juu yake vibonyeo vinne vidogo vimepangana kama vya mtu aliyebonyeza kwa makonzi. Vile vibonyeo vilinitia baridi mgongoni, wala sikujua kwa nini.

"Nani kaweka majivu hapa?" aliuliza.

"Sisi tuna jiko letu nje, Anti," nikamjibu. "Hatugusi vitu vya watu."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Akachukua brashi.

Siku chache baadaye yakarudi. Safari hiyo alikuwa amechoka, hakuangalia vizuri; aliyapangusa juu juu, akawasha, akabandika sufuria. Kulikuwa kumenyesha, na majivu ya kuni hunywa unyevu kama chumvi. Alipoishika sufuria ikampiga shoti, akarushwa mpaka akakaa chini. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa tu pale sakafuni, ameshika mkono wake, halafu akasema taratibu, "Bhoke, kama hunitaki hapa, niambie nihame. Usiniue."

Fikirini. Mimi, ambaye nilikuwa nalinda moto kama mboni ya jicho! Nilihisi uso unawaka. Lakini sikulia wala sikujitetea, maana tayari nilikuwa na jibu langu kichwani: anayaweka mwenyewe. Anajiwekea majivu, anajiangusha, ili Jumamosi awe na la kusema.

Koili ilikatika wiki hiyo. Fundi kutoka Bomani alikuja kuweka nyingine, mzee mmoja mcheshi mwenye bisibisi sikioni. Aliichomoa ile ya zamani akatuonyesha mahali ilipoyeyuka ikawa tone. "Hii imekosa hewa," alisema. "Koili kazi yake kutoa joto. Ukiifunika, joto halina pa kwenda, inajipika yenyewe. Na ikishajipika, inafuata waya, na baada ya waya ni ukuta. Nani mwenye akili ya kufunika umeme?" Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Nesi alinitazama mimi, mimi nikamtazama nesi, na Robhi akamtazama fundi kwa huzuni kubwa, kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

Niliamua kumkamata. Nilinyunyiza unga wa muhogo kidogo sana kuzunguka lile jiko, ili mhalifu aache nyayo. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwa ujanja huo mpaka nilipokwenda kuangalia. Palikuwa na nyayo za kuku wetu mwekundu, ambaye alikuwa amekula nusu ya ushahidi. Palikuwa na nyayo zangu mwenyewe. Na palikuwa na vinyayo vya Robhi, ambavyo sikuvihesabu, kwa sababu vinyayo vya Robhi vilikuwa kila mahali, kama vya kuku.

Sasa nafika kwenye Jumamosi yenyewe, na kuna jambo hapa ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nesi alibandika maji ya kuoga, koili ikiwa nyekundu, na umeme ukakatika kama kawaida ya siku za mvua. Akasubiri. Kabla haujarudi, pikipiki ikaja kumwita: mama mmoja alikuwa anajifungua vibaya na nesi wa zamu yuko peke yake. Alitupa koti begani, akaipua sufuria, akaondoka mbio. Nilipoingia sebuleni kuchukua ndoo, niliona plagi imechomekwa na swichi imebonyezwa chini. Kigae kilikuwa cheusi, kimya.

Niliiona. Nilijua maana yake, maana yeye mwenyewe alitufundisha siku ya kwanza. Nilinyoosha mkono kuizima. Halafu nikaurudisha. Nilijiambia: leo ni Jumamosi. Baba mdogo anakuja. Na aikute hivi hivi, aone nani anayeleta hatari katika nyumba hii. Umeme wenyewe haupo, utadhuru nini? Nikachukua ndoo, nikamwachia Mwita kumwangalia Robhi, nikaenda bombani.

Nilikuwa narudi, ndoo kichwani, mvua imebaki manyunyu, niliposikia redio ya jirani ikilipuka katikati ya wimbo. Watoto wa nyumba zile wakapiga kelele ya furaha, "Umerudiii!" Mimi miguu ikaanza kukimbia kabla sijaiambia. Nusu ya maji ilinimwagikia.

Mlangoni niliipata ile harufu chungu. Ndani, kwenye kona, kilima cha majivu juu ya koili kilikuwa kinavuma, kweli kinavuma kama nyuki, na katikati yake kumepasuka mstari mwekundu. Waya ulikuwa umelainika na ganda lake linatiririka; soketi ya baba ilikuwa inatema cheche; na godoro la Mwita, ambalo kila asubuhi lilikunjwa na kuegemezwa ukutani, lilikuwa limeangukia upande ule na pembe yake inafuka. Mwita alikuwa amesimama na ndoo ya maji ameinua mpaka kifuani.

"Mwita, mura, weka chini!" nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Usimwage! Weka chini!"

Akaweka. Swichi kuu ilikuwa juu ya mlango, kwenye mita. Mikono yangu ilikuwa imelowa. Nikajifuta kwenye gauni, nalo limelowa chapachapa. Nikaona mwiko wa ugali kwenye msumari wake, mkavu, mrefu, nikaunyakua, nikapanda kigoda nikiwa na ndala zangu, nikaisukuma swichi ile chini kwa ncha ya mwiko. Kukawa kimya ghafla. Redio ya jirani iliendelea kuimba peke yake. Tukaliburuta godoro mpaka uani, na hapo ndipo nilipomwambia Mwita, "Haya, sasa mwaga."

Robhi alikuwa chini ya meza. Ameukumbatia mkono wake wa kushoto na analia bila sauti. Nilipomvuta aliniambia, kwa hasira ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri na ikaharibiwa na wengine, "Nimeulaza. Nimeulaza, unaamka!"

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale, nimemshika, nesi alipoingia mbio. Alikuwa amekumbuka swichi akiwa katikati ya kazi, akasubiri mtoto atoke, akaruka kwenye pikipiki. Na nyuma yake, kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, fimbo mkononi, akaingia baba mdogo Marwa.

Hakusalimia. Alivuta hewa kwa pua. "Harufu gani hii?"

Nesi alimchukua Robhi, akamtumbukiza mkono katika maji safi ya ndoo yangu, akaushikilia humo. Aliugeuza, akaushangaa. "Ajabu," alisema, kana kwamba anajisemea. "Watoto huungua kiganja. Huyu kaungua mgongo wa vidole." Vifundo vinne, kila kimoja na lengelenge lake dogo.

"Nimeuliza," baba mdogo akasema. "Nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jina tayari, nimelitunza miezi mitatu. Lakini nesi alinitangulia.

"Ni mimi, mzee. Niliacha swichi wazi umeme ulipokatika. Mimi ndiye niliyewafundisha wasifanye hivyo, na mimi ndiye niliyefanya. Huyu Bhoke ndiye amezima, na amezima kama fundi. Bila yeye usingekuta nyumba."

Niliufunga mdomo wangu. Nawaambia, ulikuwa mzito kuufunga kuliko ndoo.

"Na majivu?" baba mdogo akauliza. Alikuwa anaangalia kona. "Nani anafunika umeme kwa majivu?"

Robhi, mkono wake ndani ya maji, akajibu kwa sauti ndogo lakini bila woga, kama anavyoitikia mlangoni jioni: "Moto haulali uchi."

Nesi akageuka akanitazama, mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza hatukutazamana kama paka wawili. Kila mmoja wetu alikuwa amemtafuta mhalifu juu ya kimo chake mwenyewe. Hakuna aliyetazama chini.

Baba mdogo aliuliza kama kumeshazimwa kabisa. Nikasema ndiyo, lakini asiguse, wekundu ukiondoka moto haujaondoka. Alikwenda kwenye kona, akachuchumaa, akakitazama kile kilima cha majivu. Juu, pale ambapo hakijapasuka, vibonyeo vinne vilikuwa bado vipo. Alivitazama muda mrefu kuliko vitu vya namna hiyo vinavyostahili. Nilihesabu pumzi zangu. Nilijua anapanga safari tatu: ya Mwita, ya Robhi, na yangu. Nikaona anavua kofia.

Alikaa hivyo, kofia magotini. Kisha akainuka, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Godoro limeharibika," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Jumamosi nitakuja na jingine."

Akaivaa kofia, akaondoka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu haleti godoro katika nyumba anayotaka kuivunja. Hata hivyo, kwa wiki nzima nilikuwa nashtuka mlango ukilia. Lilipofika, limefungwa nyuma ya pikipiki na kulowa upande mmoja, nililipekua kama ofisa wa mpakani Sirari, nikitafuta hila ndani ya pamba.

Nesi alikaa nasi miaka miwili zaidi, na hatukuwa tena na siri, ila ile moja yangu ya swichi. Kovu la kiganja alinieleza mwenyewe: alikuwa na miaka minane, jiko lilikuwa jeusi, akadhani limepoa. Kijitabu cha buluu nacho alinionyesha alipohamishwa. Kweli alikuwa jasusi. Baba mdogo alimwomba aangalie kama tunakula, na kama tunaumwa na tunaficha. Kurasa zote zilikuwa maharage, dagaa, kikohozi cha Mwita na uzito wa Robhi. Aliniachia lile jiko la koili, na juu yake, ndani ya sufuria iliyofunikwa, nilioka mikate yangu ya kwanza, migumu kama tofali. Mwita aliila akisema ni mitamu, ndipo nilipojua mdogo wangu ananipenda.

Kwa miaka yote nilijua mwenye kosa la majivu ni mimi. Niliisema sala ile kila jioni mbele ya mtoto asiyejua tofauti ya moto na moto. Niliamini hivyo mpaka mwezi uliopita.

Robhi yuko chuo sasa, na likizo huja kunisaidia hapa Mugumu. Mchana mmoja umeme ulikatika mkate ukiwa nusu, tukamalizia kwa mkaa uani. Tulipomaliza, makaa yalikuwa bado mazuri. Nilimwona akichota majivu kwa mkono wa kushoto, akiyanyunyiza, halafu akiyapiga taratibu kwa mgongo wa vidole, mara tatu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Vikabaki vibonyeo vinne.

Mimi sijawahi kufanya hivyo. Mimi hutumia kitako cha kopo, tangu siku ya kwanza, kwa woga. Aliyetumia mkono wa kushoto, aliyeyapigapiga majivu kwa mgongo wa vidole, nilikuwa nimemsahau mpaka nilipouona mkono wenyewe ukifanya kazi.

"Robhi," nikamwambia, "mama unamkumbuka?"

"Dada, hata sura. Ningekuwa namkumbuka ningekwambia."

"Na hiyo ya kupigapiga ulijifunza wapi?"

Akautazama mkono wake, wenye madoa manne meupe ya siku ile. "Si kwako?"

Basi nikaelewa kwa nini baba mdogo alivua kofia. Alikuwa amekula kwenye moto wa shemeji yake miaka mingi. Aliiona alama na kuijua, na hakusema, na hadi leo hasemi. Mimi nilinyunyiza unga sakafuni kumtafuta adui aliyeingia nyumbani kwetu, na aliyekuwa anaingia kila siku, kufunika moto tusije tukaungua, ni mama.

"Labda," nikamjibu Robhi.

Nikaingia ndani, nikaenda mpaka ukutani, nikaizima swichi ya oveni, ingawa umeme haukuwepo.